Jina Kwenye Mkanda

Eulalia Bracamontes alikuwa mgonga majina kwenye mikanda ya ngozi. Kibanda chake kilikuwa katikati ya Mtaa wa Olvera, pale jiji la Los Angeles lilipoanzia, karibu na nyumba ya udongo iliyo kongwe kuliko zote jijini. Mteja alichagua mkanda, akataja jina lake, naye Eulalia akapanga herufi zake za chuma na kuzigonga kwa nyundo huku akipiga soga. Kazi hiyo aliirithi kwa mama mkwe wake, na aliipenda kuliko alivyowahi kumpenda mama mkwe mwenyewe.

Mwaka mmoja dada yake mkubwa, Refugio, alikuja kumtembelea kutoka kwao Zacatecas, ng'ambo ya mpaka. Jumamosi asubuhi Eulalia akamleta mtaani, kifua mbele. Refugio alitembea taratibu, mkoba kwapani, akikagua vyungu, blauzi zilizotariziwa na kofia pana kama sinia.

"We Eulalia," akasema hatimaye, "nimepanda ndege roho mkononi, ili uje unionyeshe soko la kwetu?"

"Hapa ndipo jiji lilipozaliwa, dada."

"Jiji lote hili? Kwenye kichochoro hiki?" Akainua kofia moja. "Na hizi anavaa nani? Marehemu baba angecheka mpaka adondoke."

Maneno hayo yalimchoma Eulalia. Akamkalisha dada yake nyuma ya meza, akaenda kununua chakula ili apoze hasira.

Foleni ilikuwa ndefu. Huku nyuma, kijana mmoja mrefu alifika kibandani, akachagua mkanda mweusi, akajigusa kifuani na kutaja jina lake. Sura ilikuwa ya kwao kabisa, lakini Kihispania hakukijua. Refugio naye hakujua Kiingereza hata cha kuombea maji. Angeweza kumwashiria asubiri, ila tangu utotoni Refugio hakuwahi kumsubiri mdogo wake kwa lolote. Akaikamata nyundo.

Eulalia alirudi na chapati za mahindi za kukaanga, zimeogelea kwenye mchuzi wa parachichi, akakuta mkanda umeshagongwa: BRAYAN.

"Dada, umefanya nini? Hili ni jina la Kiingereza, hapa haliandikwi kama linavyotamkwa."

"Nimeandika alivyolitamka. Kama angekuwa na jingine, angelitaja hilo."

Eulalia akamwomba kijana radhi kwa Kiingereza, akaahidi kumgongea mwingine. Kijana akauvutia mkanda kwake.

"Uache tu, mama. Bibi yangu aliniandikia hivi hivi kwenye kadi za Krismasi. Tangu afariki, hakuna mwingine aliyeniandika hivyo."

Eulalia akatafsiri. Refugio akamtazama kijana toka juu hadi chini.

"Mwambie bibi yake alikuwa na akili. Tena mwambie yeye mwenyewe amekonda." Akamsogezea chakula chote, cha mdogo wake kikiwemo.

Kijana alikula amesimama, mchuzi ukimtiririka mpaka kwenye kiwiko, akaondoka na mkanda kiunoni. Kuanzia hapo Refugio hakukiachia kile kiti. Aligonga majina mchana kutwa, na aliyebisha kuhusu herufi alitazamwa mpaka akakubali. Eulalia alicheka hadi mbavu zikamuuma, ikawa kazi yake kufunga vifurushi tu.

Jioni muziki ulipoanza kwenye uwanja wa jirani, Eulalia alimuuliza, "Kesho nikupeleke ukaone maghorofa?"

"Maghorofa hayana miguu, hayatakimbia," akajibu Refugio, akifuta nyundo kwa kitambaa. "Kesho unafungua saa ngapi?"