Jicho la Mbuzi Likisimama

Nikiwa mtoto bado, kule kwetu Kirushya, sikuwa naangalia mbuzi machoni hivihivi tu. Bibi alikuwa ametutisha. Alisema paka lile jeusi la katikati ya jicho lake limesimama wima kwa sababu anavizia, yeye na nyoka kitu kimoja. La mbuzi limelala kama mti wa kufungia zizi, kwa sababu ni mnyama wa amani. Hata akiinama kula majani, lile jeusi la katikati linabaki limelala.

"Siku likisimama," bibi anasema, "aliyekuletea huyo mbuzi ana kitu moyoni."

"Na letu mbona duara?" nikamuuliza.

"La mtu halijaamua."

Mimi nilikuwa nachunga, kwa hiyo nalala kifudifudi kwenye nyasi, nachungulia. Kweli bwana. Mbuzi anainama, jicho linazunguka taratibu, linabaki limelala vilevile. Basi nikaamini yote.

Jirani yetu alikuwa Mzee Masanja, Msukuma aliyehamia kutoka Shinyanga na ng'ombe wake. Binti yake Kulwa ndiye nilikuwa nachunga naye. Msimu huo ng'ombe wao wakaingia kwenye maharage yetu, hawakuacha kitu. Baba mdogo, ambaye ndiye alishika mji tangu baba afariki, alikuwa hawezi kumwona Masanja akipita bila kutema mate. "Hawa wanakuja na fimbo tu," anasema, "kesho shamba ni lao." Wazee wakaamua: Masanja alete mbuzi, achinjwe kwetu, tule pamoja, yaishe. Mbuzi akikataliwa, Masanja ahame.

Akaleta beberu mweupe.

"Shikamoo mama," akamwambia bibi, kamba ameishika kwa mikono miwili.

"Marahaba."

Akamsalimia na baba mdogo. Baba mdogo akachukua kamba tu.

Akamchinja yule beberu, akamning'iniza kwa miguu ya nyuma kwenye mparachichi ili amchune. Kichwa bado kipo, pua inaangalia chini. Mara baba mdogo akaruka nyuma.

"Njooni muone! Limesimama!"

Tukasogea. Jicho limesimama wima, la paka kabisa.

"We Masanja, umetuletea nini hapa?"

"Mbuzi. Nimeleta mbuzi."

"Mbuzi gani ana jicho la paka? Unataka kutuzika na watoto wetu?"

Vijana walishashika mapanga. Kulwa yuko nyuma ya baba yake, ananiangalia mimi, kana kwamba ule mji ni wangu. Na mimi lile jicho nilikuwa nalijua kuliko wote pale.

"Bibi," nikasema, "kichwa kimening'inia. Angekuwa mzima jicho lingezunguka. Sasa amekufa, litazungukaje?"

"Funga mdomo, we mkia wa Wasukuma!" Hiyo ni sauti ya baba mdogo.

Bibi akausogelea mparachichi. Imani ile ya jicho ilikuwa yake. Kisha akachukua kisu mwenyewe, akakata kile kichwa, akakiweka juu ya jani la mgomba, kimetazama mbele kama cha mbuzi aliyesimama. Jicho likawa limelala.

Mtu mmoja akacheka, akajinyamazisha.

"Umeligeuza wewe, mama," baba mdogo akasema.

"Nimekiweka alivyokiweka Mungu."

Ile nyama tulikula bibi, mimi, Masanja na Kulwa. Wengine walisema wameshiba, na hakuna aliyekuwa amekula toka asubuhi. Kabla mahindi hayajakomaa, zizi la Masanja likachomwa moto. Wakahamia Nyamigogo, upande wa Biharamulo. Kulwa hakuniaga, na simlaumu.

Shule niliacha njiani. Siku hizi nachoma mishkaki Benaco, pale malori yanaposimama. Kila asubuhi kuna mbuzi ananing'inia mbele yangu, jicho wima. Naendelea kunoa kisu. Baba mdogo naye huwa anapita kula. Anauliza, "Huyu umemtoa wapi?" Namjibu, "Kwa Wasukuma," hata kama si kweli. Anatafuna huku anaangalia barabara.

Bibi alishafariki. Mambo mengi alisema vizuri, ila lile la jicho la mtu nadhani alikosea. La baba mdogo lilikuwa limeshaamua hata kabla beberu hajafika kwetu. Alichohitaji ni mti wa kumning'inizia.