Nabwile na Namba ya Bure

Pale sokoni Naitiri, mama aitwaye Nabwile alijulikana kwa sauti yake na kwa tabia ya kutokubali jambo kabla hajalielewa. Mchungaji aliwahi kupoteza uzi wa mahubiri Jumapili nzima kwa sababu Nabwile aliinua mkono katikati ya gharika akauliza wale simba wa Nuhu walikuwa wanalishwa nini.

Kazi yake ilikuwa kuuza mahindi. Aliyanunua kwa wakulima wa Tongaren, akayaanika kwenye turubai, akayatia magunia, kisha akawauzia wanunuzi waliokuja na malori kutoka Kitale. Ni kazi nzuri ukijua bei. Shida ni kwamba bei ya Kitale hubadilika kama uso wa mtoto mchanga, na mnunuzi akifika na lori lake hakuambii bei ikipanda. Anakuambia ikianguka tu.

Kwa hiyo Nabwile alinunua simu ya kugusa, akaingizwa kwenye kundi la wachuuzi ambako kila asubuhi mtu wa Kitale alitangaza bei ya gunia. Akawa kila alfajiri, baada ya sala, ananunua bando la kampuni yake ya simu, iliyoitwa Sauti Tele. Akishanunua anaitia simu mfukoni mwa aproni na kwenda kugeuza mahindi. Akirudi kusoma bei, anakuta ujumbe: "Mpendwa mteja, bando lako limekwisha."

Hilo neno "mpendwa" ndilo lililomuudhi zaidi.

"Mtu anakupenda na anakuibia?" alimuuliza Khaemba, fundi wa baiskeli aliyekuwa jirani yake sokoni.

Khaemba alikuwa na jibu la kila kitu. "MB ni kama mvuke, Mayi," alisema, akimwita mama kwa Kibukusu. "Ukiacha simu wazi zinatoka. Funika na sufuria."

Nabwile hakuamini, lakini asubuhi moja, kwa kukosa njia nyingine, aliifunika simu kwa sufuria ya ugali. Jirani mmoja akapiga, sufuria ikatetemeka mezani, kuku aliyekuwa ametaga chini ya meza akatoka mbio na hakurudi kwenye mayai yake hadi jioni. Nabwile alipofunua, bando lilikuwa limekwisha vilevile.

Asubuhi hiyohiyo ndipo Kiragu alipofika na lori. Kiragu alikuwa mnunuzi kutoka Kitale, mtu wa mzaha na tumbo la kutosha, na alikuwa amefanya biashara na Nabwile miaka mingi.

"Mama, leo nina habari mbaya," alisema akishuka, kofia mkononi kama mtu aliyekuja matangani. "Kitale imeanguka."

"Imeanguka tena? Juzi si ilianguka?"

"Iliinuka kidogo, ikaanguka tena. Angalia kwa simu yako kama unadhani nakudanganya."

Alijua vizuri kwamba simu haina kitu. Soko lote lilijua. Nabwile alimtazama Kiragu, akaitazama simu, na hasira yote ya "mpendwa mteja" ikampanda. Akapiga namba ya huduma ya wateja, ile ya bure, ambayo haihitaji bando wala kredo, yaani pesa za simu. Akaweka sauti kubwa ili Kiragu asikie mtu akigombezwa.

Muziki ulicheza weee, kisha msichana akajibu.

"Asante kwa kupigia Sauti Tele. Jina langu ni Cherop. Nikusaidie vipi?"

"Cherop, msichana wangu, nyinyi mmekura bando rangu."

"Samahani, mama. Umesema kura? Sisi hatuhusiki na uchaguzi."

"Si uchaguzi! Kura! Kura kama ugari!"

"Aaa, kula."

"Si ndiyo nasema?"

Wapakizi wa Kiragu waliketi juu ya magunia ili wacheke vizuri. Cherop akaomba namba ya simu, akabonyeza vitu huko aliko, akasema, "Naona ulinunua bando asubuhi, mama, na limetumika lote."

"Na nani?"

"Na simu yako."

"Simu yangu ilikuwa ndani ya sufuria!"

Hapo ndipo Cherop angesoma ile sentensi yao ya kuomba radhi na kukata simu. Lakini alikuwa binti wa Suam, na mama yake pia aliuza mahindi pale mpakani. Sauti kama ya Nabwile aliifahamu tangu utotoni.

"Mama, ulikuwa unataka kuangalia nini?" aliuliza taratibu.

"Bei ya gunia, Kitale, leo. Kuna mtu amesimama hapa ananiambia imeanguka."

"Ngoja."

Ikasikika sauti ya vidole kwenye kompyuta. Kisha Cherop akaitaja bei ya Kitale ya asubuhi ile, wazi, kwa sauti kubwa, mbele ya lori, wapakizi na Khaemba. Haikuwa imeanguka. Ilikuwa imepanda, tena kwa furaha.

Kiragu alivaa kofia yake. "Mimi nilitoka Kitale mapema sana, bana," alisema. "Labda imepanda nikiwa njiani."

"Ndiyo," Nabwile akamwambia. "Na wewe panda nayo."

Siku hiyo aliuza vizuri kuliko msimu wote. Kesho yake bando likaliwa tena, naye akapiga tena, akamwulizia Cherop kwa jina. "Mmekura, basi nipe bei." Cherop akampa. Ikawa desturi, wakajuana hadi habari za mama wa Suam. Nabwile alisema hayo ni malipo halali: mtu akila chakula chako, akuoshee vyombo.

Mambo yangeweza kuendelea hivyo. Lakini Khaemba alikuwa amesikia, na jambo kusikiwa na Khaemba ni sawa na kutangazwa kanisani. Wiki ikapita, Naitiri nzima ikawa inapiga namba ya bure. Wakulima waliuliza bei ya mbolea. Mwanamke mmoja alitaka kujua vifaranga wanaosinzia wapewe dawa gani. Vijana waliuliza timu yao ya Uingereza imefungwa ngapi. Mzee mmoja aliuliza kama kesho kutanyesha, na alipoambiwa kuwa hiyo si kazi ya kampuni ya simu, alijibu kwa upole kwamba hata kula MB zake hakukuwa kazi yao, na bado walijitahidi.

Cherop alikuja kumsimulia Nabwile baadaye jinsi mkubwa wake kule Nairobi alivyomwita ofisini. "Naitiri ni nini?" mkubwa aliuliza. "Na kwa nini yote inataka kuongea na wewe?" Cherop alieleza ukweli. Hakufukuzwa, ila aliondolewa kwenye simu na kuwekwa mahali pa kujibu malalamiko ya maandishi, ambako hakuna anayekwambia "msichana wangu".

Asubuhi Nabwile alipomwulizia Cherop na kuambiwa hayupo tena kwenye namba hiyo, aliketi juu ya gunia na kunyamaza. Khaemba aliogopa, akidhani kuna mtu amefariki.

"Nimemharibia mtoto wa watu kazi," Nabwile alisema. Siku hiyo hakuuza kitu, na Kiragu alipofika na lori, alimwambia arudi kesho. Kiragu, kwa kushtuka, alitaja bei ya kweli bila kuulizwa.

Kisha Sauti Tele wakaja wenyewe. Siku ya soko ilifika pikapu kutoka ofisi yao ya Kitale, ikiwa na hema, vipaza sauti, kofia za kugawa na kijana nadhifu aitwaye Munene. Alikuwa ametumwa kuwaelimisha wateja wa Naitiri. Alizungumza Kiswahili kilichopigwa pasi.

"Ndugu wateja," alisema, "bando haliliwi. Kuna programu ambazo hufanya kazi nyuma ya pazia."

"Pazia gani?" akauliza mzee wa mvua. "Mimi nyumba yangu haina pazia."

Munene alieleza tena, watu wakazidi kukunja nyuso. Mwishowe akaomba mtu yeyote alete simu yake waikague pamoja. Watu wakamsukuma Nabwile mbele. Alimpa Munene simu kama mtu anayemkabidhi daktari mtoto.

Munene alikuwa kijana mwaminifu, hilo lazima lisemwe. Aliikagua kwa makini, maikrofoni kwapani.

"Mama, hapa naona kundi la kwaya. Wanatuma video nyingi, na simu yako inazivuta zote, hata usipozitazama."

"Zote?"

"Zote. Hata hii ya mazoezi ya sauti ya nne."

Sauti ya nne ya kwaya ilikuwa imesimama palepale, ikatazama chini. Nabwile alikubali. Kosa hilo ni la nyumbani, alisema, litamalizwa Ijumaa baada ya mazoezi. Munene akamwonyesha pa kubonyeza ili video zisijivute, naye akabonyeza kwa kidole chake mwenyewe.

Lakini Munene hakurudisha simu. Alikuwa amekunja paji la uso.

"Na kredo yako nayo hupotea, mama?"

"Hupotea kama chumvi mvuani."

"Hii Tabasamu la Asubuhi ni nini?"

Uso wa Nabwile ukachangamka. "Huyo ni rafiki. Simjui, lakini kila asubuhi ananitumia kichekesho. Juzi amenitumia cha fisi aliyekwenda kuposa."

"Na wewe huwa unamjibu?"

"Si ni adabu? Namwambia 'Asante, ubarikiwe.'"

Munene alifumba macho kidogo. "Mama, hiyo ni huduma ya kulipia. Kila kichekesho kinakatwa kwenye kredo. Na kila ukijibu, mtambo unahesabu umekubali kuletewa kingine."

Soko likaangua kicheko, na Nabwile akacheka nalo, maana fisi yule kweli alikuwa anachekesha. Kisha akaacha kucheka.

"Lakini mimi sikujiunga, kijana. Walianza wao kuniandikia."

Munene alitafuta tena, akashusha pumzi. "Ni kweli," alisema. "Hukujiunga. Uliunganishwa tu."

Alikuwa amesahau kwamba maikrofoni iko kwapani na imewashwa. Neno "uliunganishwa" lilisikika hadi kwenye mashine ya kusaga unga. Watu wakatoa simu. Kumbe nusu ya soko ilikuwa na Tabasamu la Asubuhi. Wengine walikuwa na huduma nyingine ambazo hawakuwahi kuzisikia, na Khaemba, mbele ya mkewe, akakutwa na moja iitwayo Faraja kwa Wapweke.

"Mpweke ni nani?" mkewe akauliza.

"Niliunganishwa!" Khaemba akalia. "Si umesikia mwenyewe? Niliunganishwa!"

Munene angeweza kupanda pikapu na kuondoka. Badala yake alivua koti, akaketi mezani, akaanza kuzifunga huduma hizo, simu baada ya simu, hadi kola yake ikalowa jasho. Alipiga simu ofisini mara nyingi, akibishana na wakubwa wake kwa Kiingereza cha haraka. Alasiri akatangaza kwamba kampuni imekubali kuwarejeshea watu haki yao.

Makofi yakapigwa. "Kwa kredo?" Nabwile akauliza.

Munene akakohoa. "Kwa MB, mama. Nyingi sana. Ila zinakwisha leo saa sita usiku."

Watu waliguna, lakini Nabwile alikuwa tayari amesimama. "Basi zisitukwishie mfukoni," alisema. "Leo tutazila sisi."

Naitiri haikuwa imewahi kuonekana kama ilivyokuwa jioni ile. Asiye na MB aliazimwa na jirani. Kwaya ilitazama video zake zote, ikakubaliana kwamba sauti ya nne ina kazi. Vijana walitazama mechi. Mama Nekesa, bibi aliyeuza mboga na ambaye hakuwa na simu ya kugusa, alishikiwa ya Nabwile mbele ya uso akaongea na mwanawe aliyekuwa kazini Uarabuni. Kijana huyo alimwinulia mjukuu ambaye bibi hakuwa amewahi kumwona. Bibi aligusa kioo kwa kidole, mtoto akatoweka, wakalazimika kupiga upya, na hakuna aliyelalamika. Munene mwenyewe, shati nje, alikuwa akila mahindi ya kuchoma na kuonyeshwa picha za harusi ya mtu.

Kabla hajaondoka, Nabwile alimshika mkono. "Huyo msichana Cherop. Waambie yeye hakukosea. Aliona njaa ya mtu akatoa alichokuwa nacho."

"Nitawaambia, mama," Munene akasema, na kweli akawaambia, nao wakasikiliza, maana hata kampuni kubwa hupenda kusikia pa kupatia pesa. Miezi michache baadaye Sauti Tele ilitangaza huduma mpya: bei za mazao ya Kitale, Bungoma na kwingineko, kila asubuhi, kwa malipo. Msimamizi wake alikuwa Cherop.

Watu wa Naitiri walicheka sana. Kile walichokuwa wakipewa bure sasa kinauzwa! Hakuna aliyejiunga, na safari hii kila mtu aliangalia mara mbili kuhakikisha hajaunganishwa.

Kisha asubuhi moja simu ya Nabwile ikalia. Ilikuwa Cherop, akicheka tangu neno la kwanza. Walisalimiana kama mama na binti. Huduma yake, alieleza, ilihitaji mtu wa kuaminika Naitiri, wa kumwambia kila siku wakulima wanauza gunia kwa bei gani. Je, mama angekubali Cherop awe anampigia?

Nabwile alifikiri, macho kwenye turubai la mahindi.

"Nakubari," alisema. "Lakini kwanza unieleze vizuri, mwanangu. Hizo simu zitamkata nani kredo?"

"Kampuni, mama."

"Basi usiwe na haraka," Nabwile akasema, akavuta gunia, akaketi. "Mama yako huko Suam anaendeleaje?"