Masale Kumi na Saba

Mwaka 1992, nikiwa na miaka ishirini na sita, shamba la chai nililofanyia kazi lilipata mmiliki mpya na wengi wetu tukapunguzwa. Nimeishia darasa la tatu. Sikuwa na cheti cha kumwonyesha mtu. Nikateremka Tanga, nikapata kibarua cha kulinda kisiwa cha hifadhi kwa majaribio ya miezi mitatu. Msitu, ndege, kasa wanaotaga, na upande mmoja ufuko ambao wavuvi waliruhusiwa kuweka kambi.

Kati ya kambi na msitu mpaka ulikuwa kamba tu, na upepo uliikata kila wiki. Wavuvi wakaingia kukata kuni, lawama nikabeba mimi. Nilipokwenda kwetu Mlola, milimani, kumwona mke wangu, nikarudi na gunia la masale, ile mimea ya majani marefu tunayopanda mipakani sisi Washambaa. Nikapanda kumi na saba, mstari umenyooka. Nilijisifu.

Mkaguzi wa hifadhi akashuka kwenye boti, akayaona, uso ukabadilika. Mmea wa kuletwa ndani ya hifadhi ni kosa, akasema. Niyang'oe sasa hivi au nipande boti na mzigo wangu.

Mikono ikakataa. Kwetu sale la mpaka haling'olewi bila jirani kusimama pale. Anayeng'oa peke yake ni mwizi wa ardhi. Nikamweleza.

"Jirani yako hapa nani, mtu wa milimani? Kima?"

Wa kwenye boti wakacheka.

"Wavuvi, mkuu. Nimwite mkubwa wao."

Akatazama maji. Yalikuwa yanakupwa. "Boti ikikwama, kazi huna."

Nikakimbia. Mzee wa wavuvi alikuwa anashona nyavu. Nikampa shikamoo kwanza, hata kwa haraka ile, ndipo nikaeleza. Akainuka polepole, goti linamuuma. Nikamfuata nyuma huku naona mchanga unazidi kuwa mpana.

Akasimama kwenye mstari. "Ng'oa, mwanangu. Mpaka nimeuona, na watu wangu watauona."

Nikang'oa yote bila kunyoosha mgongo. Boti ilikuwa imegusa mchanga. Nikaingia majini na wale wa kwenye boti, tukasukuma hadi ikaelea. Mkaguzi akaondoka nayo. Mzigo wangu ulibaki kisiwani, nami nikabaki miaka tisa. Wavuvi hawakuuvuka tena ule mstari.

Leo nina nyumba ya matofali Mlola, ekari mbili za viazi na kabichi, ng'ombe wawili wa maziwa, mashine ya kusaga. Na masale kumi na saba mpakani. Niliyarudisha likizo iliyofuata, kwenye gunia lilelile, na jirani alisimama nikipanda.