Siku Nilipolitaja Titi la Mama Mkwe

Jamani, mnicheke tu, mimi mwenyewe nikikumbuka nafunika uso, na ile kliniki ya St Marys siku hizi naipita nikiangalia upande wa pili.

Mama mkwe alikuwa ametutembelea huku ughaibuni kutoka Bungoma, na asubuhi moja akamwambia mke wangu ana uvimbe kwenye titi la kushoto, unauma. Mke wangu alikuwa na shifti, hakuna kutoka, basi nikampeleka mimi. (Kwetu mkwe na mama mkwe hata mkono hawapeani, sasa fikiria titi.) Dada wa mapokezi akauliza kama tunataka mkalimani wa simu. Nikajitia ujuaji, nikakataa, nikasema nitatafsiri mwenyewe. Akauliza mama anaumwa nini. Mimi huyu, ambaye kazi yangu ni kuogesha wazee na hizo sehemu zote nazitaja kwa Kiingereza kutwa nzima bila kupepesa jicho, ulimi ukagoma. Nikasema kifua, kifua kinamuuma, upande wa kushoto.

Weee! Nchi hii usiseme hivyo kama hujajiandaa. Kiti cha magurudumu kikatokea sijui wapi, manesi wawili wakamkalisha mama, ambulensi ikaitwa, na kila nikijaribu kueleza naambiwa nitulie, wanadhani nimechanganyikiwa, huku mama amekodoa macho akiniuliza kama ndiyo anakufa. Kijana wa ambulensi akafika, akagusa kifungo cha juu cha blauzi ili ambandike nyaya za kupima moyo, mama akamshika mikono akikataa, na watu wote waliokuwa wakisubiri daktari wanatutazama sisi.

Hapo nikapayuka kwa Kiingereza, sauti ya mtu anayeita ng'ombe, kwamba si moyo, ni titi, titi la mama mkwe wangu lina uvimbe.

Kijana wa ambulensi akaachia kifungo, nami nikamwambia mama kwa Kiswahili kwamba nilikuwa nimetaja kifua kwa aibu.

Mama akavuta leso, akajifunika vizuri, kisha akaniambia polepole, "Heshima yako ingenizika, Baba Taji."

Ilikuwa saratani, bado changa, wameitoa wiki jana na daktari anasema tumewahi. Nikifikiria kwamba wangempima moyo, wakaukuta mzima, wakaturudisha nyumbani, na mimi nikanyamaza kwa aibu zangu, mwili unanisisimka. Sasa nikiulizwa mama anaumwa wapi, ninataja, awepo nani, asiwepo nani.