Sikio la Ng'ombe wa Jembe

Picha aliyoniletea ilikuwa ndogo sana. Nilipoikuza kwenye kompyuta, ng'ombe aligeuka kuwa vidoti vya rangi ya udongo. Mwenye picha alikuwa mama wa Kisukuma kutoka upande wa Kabungu, mjane wa umri wangu hivi, amevaa katambuga za matairi zilizojaa vumbi. Alikuwa ameipiga mwenyewe kwa simu yake msimu uliopita, akiwa shambani, na kioo cha kamera kilikuwa na mikwaruzo.

Ng'ombe alikuwa maksai, mwekundu, mwenye baka jeupe begani. Alikuwa amepotea kwa siku kadhaa, akakutwa kwenye mahindi ya watu kijiji cha pili, na mtendaji wa kijiji hicho alikuwa amemfungia zizini. Mama alipopiga simu aliambiwa aje na ushahidi, maana wiki ikiisha bila mwenyewe kujitokeza, ng'ombe atapelekwa mnadani. Mvua zilikuwa karibu. Maksai wake walikuwa wawili tu, na mmoja peke yake havuti jembe.

"Nataka aonekane," alisema. "Awe kama amesimama hapa mlangoni."

"Mayu," nilimwita kwa lugha ya kwao, yaani mama, "picha ina ukungu."

"Ndiyo maana nimeleta kwako. Ingekuwa haina ukungu ningeileta ya nini?"

Duka langu la steshenari lipo Kashaulili. Nachapa barua, natoa kopi, napiga picha za pasipoti, nabuni kadi za harusi. Kompyuta sikufundishwa na mtu. Nilijifunza kwa vitabu vya maelekezo ambavyo wateja waliviacha, na kwa kuharibu na kutengeneza tena. Kwa sababu hiyo nina tabia ya kuandika hatua za kila kazi kwenye daftari gumu, na sianzi hatua ya tatu kabla ya kumaliza ya pili.

Wakati huo nilikuwa nimeweka programu mpya, ya hizi zinazotumia akili mnemba. Unaipa picha mbovu, inakurudishia nzuri. Nilikuwa nimeshasafishia watu picha za harusi za wazazi wao, na wengine walilia pale pale kaunta. Nilijua inavyofanya kazi, maana nilikuwa nimesoma: haioni kilichofichwa na ukungu, bali inakisia kinachofaa kuwepo pale, kutokana na picha nyingi ilizozipitia. Kulijua jambo hilo hakukunisaidia, kwa kuwa sikuwa nimeliandikia hatua yake kwenye daftari.

Ilichukua chini ya dakika moja. Ng'ombe alitokea na manyoya yake, jicho linang'aa, baka begani limekatwa kama kwa mkasi.

"Eeh!" alicheka mama. "Umempaka mafuta? Kapendeza kuliko mimi."

Aliangalia uso na baka. Mimi pia niliangalia uso na baka. Nikachapa, nikatia laminesheni, akaiweka kwenye mfuko akaondoka.

Kesho yake kabla ya saa sita alishuka kwenye bodaboda mbele ya duka. Hakunisalimu. Aliiweka picha kaunta, uso chini.

"Fundi, sikio la ng'ombe wangu umelipeleka wapi?"

Sikumwelewa, ikabidi anieleze toka mwanzo. Katika ukoo wa marehemu mume wake, kila ndama hukatwa pengo la pembe tatu kwenye ncha ya sikio la kulia, na chini ya sikio hilo huchanjwa mchanjo mmoja wa wembe. Alama hiyo hakuna mwingine anayeikata vile. Alikuwa ameitaja kwa mtendaji kabla hajaonyeshwa ng'ombe, na mtendaji alikuwa amekaribia kukubali. Kisha akaomba picha, kukamilisha tu. Kwenye picha, sikio la kulia lilikuwa zima kama jani.

"Akaniambia, 'Mama, picha yako mwenyewe inakukataa.' Na yule mgambo wake akasema wezi wa siku hizi wanakuja na laminesheni."

Nilifungua picha zote mbili, ya kwanza na ya programu, nikaziweka sambamba. Kwenye ya kwanza, ncha ya sikio ilikuwa na vidoti vichache vilivyokosekana. Programu ilikuwa imepitia masikio mazima mengi mno, na pengo lile ililiona kuwa ni kasoro ya picha. Ikalitengeneza. Nilipoangalia vizuri, hata nundu ilikuwa imepunguzwa.

"Kwa hiyo imemshona," alisema mama.

"Imemshona."

"Na haikuniuliza."

"Yenyewe haiulizi. Mimi ndiye nilipaswa kukuuliza."

"Nyie watu wa kompyuta," alisema. "Ningeenda na mdomo wangu tu, sasa hivi ningekuwa na ng'ombe wangu. Haya, funga duka twende."

Nilisita kidogo. Ofisi ya kijiji kile huniletea barua zake kuchapa, na mtendaji alikuwa akiniita mtaalamu mbele za watu. Lakini siku zilizobaki kabla ya mnada zilikuwa mbili. Nilichapa picha ya kwanza bila kuigusa, na ukungu wake wote, nikafunga duka.

Mtendaji alinisikiliza hadi mwisho, mikono juu ya meza.

"Kwa hiyo jana nimepokea picha ya kughushi kutoka dukani kwako."

"Si ya kughushi, mheshimiwa. Ni ya kukisia."

"Zinatofautiana nini?"

"Anayeghushi anajua anachokificha. Mimi sikujua."

"Na hii ya leo? Nitajuaje hujaikisia?"

Hilo ni swali ambalo hata mimi ningeliuliza. Nilimwambia aiache karatasi yangu, aangalie simu ya mama, ambako picha ilikuwa bado kama ilivyopigwa. Alitoka nayo nje, akasimama kwenye kivuli cha ukuta, akaikuza kwa vidole. Mgambo alichungulia begani kwake.

"Hapa kuna pengo," alisema mgambo. "Au ni uchafu wa kioo."

Alikifuta kioo kwa shati. Pengo halikutoka.

Tulikwenda zizini. Mtendaji alimwamuru mama ageuke, alipe zizi mgongo. Mgambo alimshika ng'ombe sikio.

"Sema tena, mama. Taratibu."

"La kulia. Ncha ina pengo la pembe tatu."

"Lipo," alisema mgambo.

"Chini yake je?" aliuliza mtendaji.

"Mchanjo mmoja. Urefu wa kucha ya kidole gumba."

Mgambo aliinama, akapima kwa kucha yake. "Upo," alisema, bila mzaha wake wa jana.

Mtendaji alitaka maelezo yangu kwa maandishi, kwa mkono, siyo ya kuchapwa. Nilikaa kwenye benchi ya ofisini nikaandika kwamba picha iliyoletwa jana niliifanyia kazi mimi, kwamba sikio linaloonekana pale si la ng'ombe yeyote, na kwamba sikuilinganisha na picha halisi mbele ya mwenyewe kabla ya kumkabidhi. Nikatia sahihi. Niliomba nirudishiwe ile picha ya laminesheni niiharibu.

"Hii inabaki," alisema mtendaji. Aliibana pamoja na maelezo yangu kwa pini, akaviweka vyote kwenye faili. "Kesho akija mwingine na ng'ombe aliyetakata hivi, nitajua pa kuanzia."

Nje, mama alikuwa tayari barabarani, kamba mkononi, ng'ombe akinyofoa majani ya pembeni. Kutoka pale hadi kwake ni mwendo mrefu, na jua lilikuwa kali.

"Fundi!" aliita. "Unakuja kunisaidia kumswaga, au unabaki na yule wa kwenye faili uliyemzaa wewe?"

Mgambo aliangua kicheko. Nilivunja tawi kavu, nikaenda nikasimama nyuma ya ng'ombe.