Iko Zima

Ndugu zangu, shule niliiacha mapema, lakini hapa Kigali anayetaka rimoti moja iendeshe sinema yake ya nyumbani ananitafuta mimi. Kitufe cha kuwasha ndicho cha kuzima, kwa hiyo lazima mtambo ujue kwanza kama televisheni inawaka. Mimi hufunga kihisi, kijicho kinachoangalia hilo na kunijulisha kwenye simu, ambako naweza kubonyeza kitufe hicho hata nikiwa mbali.

Jumamosi Mama Aline, mteja wangu wa Kibagabaga, alikusanya ndugu zake sebuleni kutazama moja kwa moja harusi ya bintiye Aline huko Ulaya. Nikiwa dukani Nyabugogo, simu ikaonyesha televisheni inawaka. Nikampigia kuhakikisha.

"Mama, televisheni iko je?"

"Iko zima, fundi."

Nikajisemea, basi kihisi kinadanganya. Sikio langu halijawahi kunidanganya. Nikabonyeza kitufe cha kuwasha.

"Fundi, picha imepotea. Na padri ndiyo kwanza anawauliza maharusi kama wamekubaliana."

"Si ulisema imezima?"

"Nilisema iko zima. Nzima, haina tatizo."

Nikabonyeza tena. Picha iliporudi, bibi harusi tayari alikuwa na pete kidoleni. Kijicho kilisema kweli tangu mwanzo, na mimi, kwa kuamini sikio langu, nilimnyima mama kumwona mwanawe akiolewa.

Kumbe simu ya Mama Aline ilikuwa kwenye spika. Nikamsikia nyanya yake Aline, taratibu kabisa:

"Hebu mwulizeni huyo fundi. Yeye mwenyewe ni mzima, au amezima?"