Miguu ya Yaya Hyacinthe

Watu wa Kavimvira, hapa Uvira mpakani na Burundi, wanaokumbuka mbio za mwaka 1964 wamebaki wachache, na wengi wao wanazikumbuka vibaya. Minye nilikuwa pale. Nilisoma mpaka darasa la tano kwa masista na kichwa changu kingali kizima, basi acha niandike jinsi ilivyokuwa.

Yaya Hyacinthe, kaka yangu mkubwa, hakuwa askari wala mtu wa siasa. Kazi yake ilikuwa kupima pamba ya wakulima kule Sange, na siku za sikukuu alikimbia. Kabla ya Uhuru hakuna aliyemwacha nyuma kutoka Sange mpaka Uvira. Halafu, miaka miwili baada ya Uhuru, akakamatwa na kimputu, ile homa ya papasi wanaojificha katika nyufa za nyumba. Ilimwachilia siku tano, ikarudi, ikamwachilia, ikarudi. Alilala miezi minane. Alipoinuka mapaja yake yalikuwa membamba kama mikono yangu, na muuguzi akamwambia moyo wake umechoka, asikimbie tena maisha yake yote.

 Yaya alitaka kitu kimoja tu: kuimaliza njia ile mara moja tena bila kuanguka, ajue kama mwili umerudi kuwa wake au bado ni wa homa.

Alianza kwa kutembea toka mlangoni mpaka ziwani. Wiki nzima, hilo tu. Kisha akafika kizuizi cha forodha. Kisha mashamba ya miwa ya Kiliba, kwenda na kurudi, mwaka ukapita. Kila alfajiri nilipasha mawese katika kisufuria na kumkanda miguu, toka kisiginoni kupanda juu, kama mama alivyonifundisha. Bila hivyo misuli yake ilikakamaa kama kamba iliyosahauliwa juani. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na sita. Asubuhi za kiangazi moshi wa milimani ulishuka, ziwa na mbingu vikawa kitu kimoja, na Yaya alipita ukingoni miguu yake haionekani, kama mtu anayebebwa. Nilibaki nimesimama na kisufuria changu, sijui kama nimeamka.

Mwezi wa tano wa 1964 Simba wakaingia Uvira. Hao ndio wapiganaji wa maasi. Walinyunyiziwa maji ya dawa ili risasi zisiwaingie, na dawa ilikuwa na miiko: asiyeipata asiwaguse, na mwanamke ndiye wa kwanza kukatazwa. Komanda wao akatangaza kwamba Juni thelathini, siku ya Uhuru, kutakuwa na mbio toka Sange mpaka uwanja wa Uvira.

Thaddée, kijana wa jirani aliyekwisha kuwa Simba, akaja kwetu amevaa kofia ya manyoya. Akasimama mbali na mlango, asije akagusana na mama. Akasema dawa ingempa Yaya pumzi ya watu watatu, na asiyeikubali watu wangeanza kumuuliza yuko upande gani.

Yaya akamuuliza, “Nikiipata, nani atanikanda miguu?”

“Mwanamuke hatakugusa tena.”

“Basi sina lazima nayo.”

“Weye iko unakimbia kama mbuzi wa kupona kuhara,” Thaddée akamwambia, akaenda zake anacheka. Mama hakucheka.

Siku yenyewe sisi wanawake tuliamriwa kwenda kuimba kwenye daraja la Kavimvira. Tulikwenda wote, tukaijaza barabara, mabeseni kichwani. Jua lilikuwa limekwisha kupanda tulipoona vumbi. Mbele walikuja Simba watatu, Thaddée katikati. Nyuma yao, mbali kidogo, Yaya, mdomo umefungwa, anapumua kwa pua kama mtu aliyelala.

Wale watatu walipofika kwetu walisimama ghafla, mikono juu, kama watu wanaoingia maji ya baridi. Hawakuweza kupita bila kutugusa. Tungewapisha, lakini wa nyuma walikuwa wanasukuma ili waone.

“Mama zetu, tokeni! Musituguse!”

Apollinarie, mwanamke mnene aliyeuza ndagala, vile visamaki vya ziwani, alimtazama Thaddée juu mpaka chini. “Minye niliyekutawaza matako ungali mutoto? Leo nimeota miiba?”

Kicheko kikatushika, na kicheko kikatuzuia zaidi kutoka njiani. Hapo ndipo Yaya alipofika. Hakupunguza mwendo. Aliingia katikati yetu, bega kwa bega, na kila mkono ulimsukuma mbele kidogo, akatokea upande wa pili peke yake. Alinipita karibu sana. Macho yake yalikuwa wazi lakini hayakuniona. Nadhani yalikuwa bado Sange.

Alimaliza wa kwanza, na hakuanguka. Nilipofika uwanjani nilimkuta amesimama wima, mkono juu ya moyo, anausikiliza. Alitabasamu kama mtu aliyepewa jibu.

Lakini Komanda naye alikuwa ameona. Alisema miguu kama hiyo ni ya mapinduzi: kesho Yaya atanyunyiziwa dawa, apewe barua za kupeleka Rurambo, kule juu vita vilikokuwa. Yaya akaitika, ndiyo, Komanda.

Alasiri ileile alioga, akavaa shati safi. Mama alimshika shingo akamwambia, “Mutoto wangu, usikimbie. Wakikuona unakimbia watapiga. Tembea.”

Basi akatembea. Nilimfuata kwa macho toka nyuma ya nyumba ya forodha. Alipita mbele ya walinzi polepole, akawaamkia, akasimama hata kufunga kamba ya kiatu. Misuli yake ilikuwa inatetemeka ndani ya suruali, nilijua, ingawa sikuiona. Akavuka kizuizi, akaingia Burundi, njia ikakata kona katikati ya matete marefu. Kilibaki kichwa tu, kinakwenda sawasawa, kidogo, kidogo zaidi. Halafu nikaona kile kichwa kinaanza kupanda na kushuka.